Miguu Yangu, Viatu vya Masanja

Nyie watu wa bweni langu mmenichosha. Tangu tumerudi kutoka Iringa siwezi kupiga mswaki bila mtu kuja kuniegemea begani: "Kastori, hebu tuambie, ni kweli?" Mmoja kasikia nilikamatwa kwa kuiba mahindi. Mwingine kasikia nimeoa Tanangozi na mahari nimelipa kwa viatu. Yule wa kitanda cha juu yangu anaapa kwamba nilitupwa njiani kwa sababu nilimtukana dereva. Sasa naandika mara moja. Someni, mpokezane, halafu mniache kucha zangu ziote.

Habari za vibali, barua za mkoa na sahihi za wakubwa siandiki. Hizo kamuulizeni karani, mtasinzia kabla hajafika katikati.

Mbalizi: mguu wa kuazima

Mnajua wote kwamba mbio za nyika shuleni kwetu maana yake ni Masanja. Sisi wengine tunakimbia ili Masanja awe na watu wa kuwaacha nyuma. Mwaka jana kule Iringa alikuwa mbele ya kila mtu, peku kama kawaida yake, mpaka pale penye mawe na miiba ya migunga. Mwiba ukamwingia unyayoni, ukakatikia ndani. Alimaliza wa mwisho, anaruka kwa mguu mmoja kama korongo, akachechemea muhula mzima. Baba yake, mfugaji wa kule bondeni Usangu, akatuma neno: mtoto wa kuchunga haendi kuharibiwa miguu na watu wa kalamu. Akienda tena akarudi anachechemea, shule basi. Ng'ombe wanamngoja.

Ndipo mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Mwaipaja, akaamua kwamba safari hii Masanja atavaa viatu. Viatu gani sasa? Madukani mjini zilibaki raba za watoto wa chekechea, na raba moja kubwa ya mguu wa kushoto ambayo mwenye duka alikuwa anazuilia mlango. Basi tukaenda Mbalizi, karibu na soko, kwa fundi mmoja anayeshona makatambuga, zile ndala za tairi. Masanja mwenyewe alikuwa kwao kwa likizo. Mwalimu akanitazama miguu yangu. Mmewahi kuona mtu anachagua kuku sokoni? Ndivyo alivyonitazama.

"Kastori, wewe na Masanja mnalingana unyayo. Nimeona alama zenu kwenye matope."

"Tunalingana unyayo, mwalimu. Akili ndiyo nimemzidi."

"Vua."

Fundi akachora mguu wangu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Akachukua buti za mgambo zilizokufa soli, akazikata zikawa fupi chini ya kifundo, akazishonea soli ya tairi. Ila tairi halikutosha. Kiatu cha kushoto kikapata tairi la lori lililolika hadi kung'aa kama kipara, cha kulia kikapata tairi la Landrova lenye meno yake yote. Akavipunguza kwa kisu mpaka vikalingana kimo, akavisimamisha juu ya stuli, akajitenga kidogo kuvitazama.

"Cha kushoto cha lami," akasema. "Cha kulia cha matope."

"Na mtu akikimbia kwenye matope, ule mguu wa lami auache nyumbani?"

"Muulize mwalimu wako. Mimi ni wa kushona."

Mwalimu hakucheka, mnamjua. Alisema hilo ni jaribio zuri sana. Mimi nitavivaa njia nzima, na kila gari litakaposimama nitakimbia: kwenye tope, kwenye kokoto, kupanda, kushuka. Nimweleze panapobana na panapoteleza. Masanja atavipokea vimeshalainika. Yaani mimi, mkimbiaji wa akiba, nimepewa kazi ya kutafuna mfupa ili mwenzangu aukute laini.

Mbeya hadi Chimala: juu ya viazi

Gari lilikuwa lori la viazi la Mzee Sanga, Mkinga mmoja anayezungumza na injini yake kuliko anavyozungumza na binadamu. Tulikubaliana kuondoka Soweto, pale pale Mbeya mjini, asubuhi. Tukafika Uyole tu, Mzee Sanga akawa anangoja magunia, mwenye magunia akawa anangoja mvua ikatike, na mvua haikuwa na haraka na mtu. Mimi kukaa kitako nikingoja siwezi, hata mama yangu anasema nilizaliwa na siafu ndani ya suruali. Nikawa nazunguka lori.

"Badala ya kuzunguka kama nzi," Mwalimu akasema, "kimbia mpaka kwenye ile miti, urudi."

Nikakimbia. Jamani, tope la Uyole! Mguu wa kulia ulikuwa unang'ata ardhi kama fisi, wa kushoto unateleza kama sabuni. Matokeo yake kila nilipoongeza mwendo nilikuwa napinda kushoto bila kutaka. Nikajikuta katikati ya shamba la viazi la bibi mmoja wa Kisafwa, na bibi mwenyewe kasimama na jembe.

"Wee mtoto! Huko shule hawakufundishi barabara ni ipi?"

"Shikamoo bibi. Si mimi, ni kiatu."

Akainama kutazama alama zangu. Akapiga kelele nyumba ya pili wasikie: "Njooni muone! Magari mawili yamepita kwenye viazi vyangu!"

Niliporudi nikatoa taarifa: kisigino kinasugua, ulimi wa kiatu unahama kwenda pembeni, na usukani umelegea. Mwalimu akasema niache upuuzi. Lakini akachukua kisu, akachonga mifereji kwenye kile kipara cha kushoto, nacho kikapata meno kidogo.

Tukashuka ule mlima kwenda Chimala tumekaa juu ya magunia, upepo unatukata masikio. Chimala tulimkuta Masanja kando ya barabara na baba yake, na ng'ombe nyuma yao, pembe mpaka mwisho wa macho. Mzee ni mrefu, mkavu, fimbo begani. Nikataka kuonekana mwerevu, nikamsalimu kwa neno la pekee la Kisukuma ninalolijua.

"Mwadila, baba!"

Uso ukamfunguka. Akanishika mkono na kunimiminia Kisukuma chote kilichobaki duniani. Nikawa naitikia kwa kichwa. Akaongea, nikaitikia. Akauliza, nikaitikia zaidi. Mwisho akanipigapiga shingoni, akaondoka ameridhika.

"Kasema nini?" nikamuuliza Masanja.

"Kasema miguu yangu iko shingoni kwako. Kauliza kama unakubali, ukakubali. Kauliza mara ya pili kama una hakika."

"Na mimi?"

"Ulikubali kwa nguvu zaidi."

Pale pale Masanja akajaribu viatu. Urefu sawa. Lakini mguu wangu umelelewa ndani ya viatu vya Misheni tangu utotoni, mwembamba kama samaki. Mguu wa Masanja umekua huru nyuma ya ng'ombe, vidole vimeachana, kila kimoja na nafasi yake. Aliusukuma, akausokota, ukaingia nusu. Alipotembea alinyanyua magoti kama kuku aliyefungwa kamba. Baba yake aliyeonekana kwa mbali akasimama na kutazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka na ng'ombe wake. Ningependa zaidi angetukana.

Chimala hadi Makambako: maharage

Kabla ya Igawa springi ya lori ikakatika. Mzee Sanga akaingia chini ya gari na kuanza kulibembeleza: "Mama, ndiyo nini sasa? Si tulikubaliana?" Jua la Usangu likawa linatukaanga. Masanja akalala kwenye kivuli cha tairi, akalala kabisa, mtu mwenye mbio keshokutwa! Mimi nikapanda gari, nikashuka, nikahesabu nguzo za simu, nikaanza kuwatupia kokoto mijusi. Mwisho nikaona heri nikimbie tu.

Kwenye kokoto, lazima niseme ukweli, vile viatu vilikuwa mfalme. Unakanyaga jiwe, jiwe linaomba radhi. Nilipita juu ya miiba iliyokauka, nikasikia inavunjika kama biskuti. Nikarudi mbio kumwamsha Masanja.

"Amka! Hivi ni vifaru!"

Akafungua jicho moja. "Kiatu ni kiziwi, Kastori. Mguu unasikia jiwe kabla ya kulikanyaga. Kiatu hakisikii kitu."

"Na mwiba wa mwaka jana mguu wako uliusikia?"

Akaugeuza unyayo, akapapasa lile kovu, kisha akalala tena. Lakini niliona hakusinzia.

Makambako tuliingia tumechelewa, na baridi ya pale si ya mchezo, upepo unakuingia hadi kwenye mifupa. Tukala ugali wa moto na mchicha kwenye hoteli moja ya mabati. Hapo ndipo Mzee Sanga, ambaye alikuwa hajasema na mimi tangu Mbeya, akafungua mdomo.

"Viatu vya harusi yangu vilinibana hivyo hivyo. Jaza maharage makavu, tia maji, funga kamba. Maharage yakivimba, ngozi itatii."

Mwalimu akakubali, akasema hata kwenye sayansi imo. Tukafanya hivyo. Asubuhi viatu vilikuwa vimetuna kama chura. Masanja akavaa, mguu ukaingia wote, vikabaki kubana kidole kidogo tu. Mwalimu akafurahi, akaamuru nivivae mimi na soksi mbili mbili, niendelee kuvitanua mpaka Iringa.

Sasa swali mlilokuwa mnaninong'oneza: maharage yalikwenda wapi? Mimi sipendi kuona chakula kinatupwa. Niliyapeleka jikoni kwenye bakuli, nikamwambia yule dada mpishi kwamba tumeyaloweka usiku kucha. Hakuna uongo hapo. Mzee Sanga alikula sahani mbili, akayasifu, akasema yana ladha ya nyumbani. Masanja na mimi tulikunywa chai kavu.

Makambako hadi Tanangozi: mdomo wangu

Hapa lazima niwaeleze wale wasiojua, maana mwalimu mwenyewe hakujua. Baba yangu ni Mngoni wa Songea aliyefuata kazi Mbeya. Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu walichomana mikuki hadi wakachoka, wakaona afadhali wachomane kwa maneno. Kwa hiyo Mngoni akiingia Uhehe anaruhusiwa kusema lolote, na Mhehe anaruhusiwa kuchukua chochote alichonacho Mngoni. Huo si wizi. Unakikomboa kwa anachotaka mwenzio, na ole wako ukasirike. Ukikasirika umeshindwa wewe na kabila lako zima hadi mto Ruvuma.

Nilikuwa nimefungiwa juu ya viazi tangu asubuhi. Tuliposimama Tanangozi kula, mdomo wangu ulitangulia kushuka.

Mwenye hoteli aliitwa Mama Kikoti, mnene, kitambaa chekundu kichwani, upawa mkononi. Sufuria la nyama lilikuwa linatokota.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, wanangu. Karibuni mkae."

"Mama, samahani. Hii nyama kabla ya kuingia sufuriani ilikuwa inasema mee, au ilikuwa inabweka?"

Mwalimu akaangusha kijiko. Watu wote hotelini wakageuka. Mama Kikoti akaweka upawa chini taratibu.

"Wee mtoto, wa wapi wewe?"

"Songea, mama. Mngoni kamili."

Akapiga makofi hadi kuku wakakimbia. "Mngoni! Jamani njooni, nimeletewa Mngoni! Panya wa Songea wamekwisha, kaja kuomba nyama Uhehe!" Watu wakaangua kicheko. Akanizunguka mara moja. "Umeniletea nini, mtumwa wangu?"

"Njaa tu, mama."

"Mbona una viatu?"

Nikasema si vyangu. Akasema hajawahi kukamata Mngoni mwenye kitu chake. Nikasema ni vya huyu Msukuma. Akasema Msukuma yuko peku, viatu viko kwenye miguu ya Kingoni, na yeye anakamata anachokiona. Kwa utani alikuwa na haki kabisa, jamani. Kilichoko mwilini mwako ni chako. Nikavua. Mama Kikoti akavivaa yeye mwenyewe, chini ya kanga yake, akaendelea kugawa chakula.

"Hiki cha kushoto kinateleza kwenye mafuta," akatangaza.

Mwalimu Mwaipaja akasimama. "Mama, hiyo ni mali ya shule. Nitamwita mjumbe wa nyumba kumi."

"Muite tu. Ndiye yule anakula ugali pale kwenye kona."

Mjumbe akanawa mikono kwanza. "Ndugu mwalimu, wewe ni mtu wa Tukuyu, utasumbuka bure. Ungekuwa wizi ningemfunga mtu sasa hivi. Lakini huyu mama kakamata mateka wake." Akanigeukia. "Mngoni, komboa."

Bei ya Mama Kikoti ilikuwa kutwanga debe la mahindi, mimi, kwenye kinu, hapo nje barabarani watu wote waone. Na Mzee Sanga alikuwa ameshaanza kupiga honi, viazi vyake vinangojwa Iringa. Mwalimu naye ilibidi awahi kumwandikisha Masanja kabla jua halijazama. Wakaanza kupanda gari. Masanja akanivuta pembeni.

"Acha, Kastori. Nitakimbia peku. Nimezoea."

Alisema hivyo huku amesimama kwa mguu mmoja, ule wenye kovu ameuficha nyuma ya mwingine kama mtoto mwenye aibu. Nikaona pembe za ng'ombe wa baba yake zinamngoja. Nikashika mchi.

"Nendeni," nikamwambia Mwalimu. "Nitakuja na viatu."

Lori likaondoka. Masanja alikuwa ananitazama kutoka juu ya magunia hadi kona ikamficha.

Sijawahi kutwanga maishani. Mahindi yalikuwa yananiruka kama panzi, kuku wakanikusanyikia kama niko kwenye sherehe yao. Akina mama wakaweka mizigo chini ili wacheke vizuri. "Mngoni anatwanga hewa!" "Mpeni panya apate nguvu!" Nikawajibu kila tusi, ndiyo heshima ya utani, lakini moyoni nilikuwa nalihesabu jua. Viganja vikatoka malengelenge. Debe lilipofika nusu Mama Kikoti akanipokonya mchi.

"Toka, unaniharibia kinu. Kwa nini unatetemeka hivyo? Mtani hatetemeki."

Nikamwambia, safari hii bila mzaha. Kuhusu Masanja, mwiba, baba yake, na mbio za kesho. Akaguna. Akavua viatu, akavifuta kwa upindo wa kanga yake, akanikabidhi pamoja na mahindi mawili ya kuchemsha.

"Ungesema tangu mwanzo."

"Ningesema, ungeniachia?"

"Hapana," akasema. "Lakini ningekupa kinu kidogo. Haya kimbia, Mngoni, kama babu zako walivyoukimbia mkuki wa babu yangu!"

"Hawakukimbia, mama! Walikuwa wanatafuta pa kuvukia!"

Niliacha watu wanashikilia mbavu.

Tanangozi hadi Iringa: kwa miguu

Nilisimama barabarani kuomba gari. Likapita la mafuta, likapita la mbao, likapita basi limejaa hadi kondakta kaning'inia. Nikajiambia nitatembea kidogo tu mpaka moja lisimame. Kutembea kukawa kukimbia polepole, kisha kukawa kukimbia. Hakuna lililosimama.

Mnataka kujua viatu vilikuwaje? Kwenye lami vinapiga kelele kama mtu anapigwa makofi, na tairi likipata moto unyayo unaiva. Nikahamia kwenye changarawe ya pembeni, hapo vikatulia, vikawa kama vinajua njia. Kupanda vinashika vizuri. Kushuka, vidole vinasukumwa mbele vinagonga ngozi, gonga, gonga, hadi nikajua kila ukucha kwa jina lake. Soksi mbili zilikuwa zimelowa jasho zikajikunja. Nilitaka kuvivua. Lakini kila hatua ilikuwa inatanua ngozi kidogo kwa ajili ya kile kidole kidogo cha Masanja, basi nikawa nakanyaga kwa nje makusudi, kama bata.

Kuna mzee mmoja wa baiskeli, kabeba mianzi, alikwenda sambamba na mimi kipande kirefu. Akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akaniuliza nani ananifukuza. Nikamwambia hakuna. Akafikiri, akaongeza mwendo, akaniacha, maana kwake mtu anayekimbia bila msiba wala adui si wa kukaa naye karibu.

Nilipofika Ipogolo, mto pale chini na mji wa Iringa pale juu mlimani, jua lilikuwa jekundu. Ule mlima wa kuingia mjini sitauelezea. Nilipanda nikiwa naimba nyimbo za kipaimara. Mwalimu nilimkuta kasimama mlangoni mwa shule tuliyofikia, mikono nyuma, anazunguka kama mimi ninavyozunguka lori. Aliponiona hakunigombeza. Alipiga goti moja chini, akanifungua kamba za viatu yeye mwenyewe.

"Taarifa," akasema.

"Kisigino safi. Upana safi. Kushuka vinaua. Mwambie afunge kamba za juu kwa nguvu, mguu usiteremke mbele."

Masanja akaingiza mguu. Ukaingia wote, na kidole kidogo.

Iringa: siku ya mbio

Asubuhi mimi kutembea siwezi, kucha mbili zimeshakuwa nyeusi. Mwalimu akanikokota hadi pale mwanzo wa majabali, mahali ambapo mwaka jana mwiba ulimaliza kazi, tukakaa juu ya jiwe kungoja. Kwa hiyo mwanzo wa mbio sikuuona, nilisimuliwa. Wanasema Masanja alifika kwenye mstari amefunga kamba za viatu pamoja, kavitundika shingoni. Msimamizi akamwambia, "Kijana, viatu vinavaliwa miguuni."

"Vitavaliwa vikifika kazini," Masanja akajibu.

Watu wakacheka. Filimbi ikalia.

Tulimwona anatokea mashambani, wa kwanza, peku, viatu vinampiga kifuani. Alipofika kwenye mawe, chini ya pua zetu, akakaa kitako. Akakaa! Katikati ya mashindano! Akaanza kuvaa kiatu cha kwanza kwa utaratibu wa mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Mtu mmoja akampita. Wakapita wawili. Likapita kundi zima la vijana wa Njombe.

"Masanja!" nikapiga kelele. "Utafunga kamba hizo mpaka Pasaka?"

Hakuinua hata macho. Akafunga zile kamba za juu kama anafunga ndama, akavuta, akajaribu, akavuta tena. Mwalimu alikuwa ameng'ata kofia yake.

Halafu Masanja akasimama, akaingia kwenye mawe, na sijui niseme nini. Wenzake walikuwa wanachagua pa kukanyaga, wanarukaruka, wanapiga yowe. Yeye alipita juu ya kila kitu kama mtu aliyekasirishwa na ile ardhi na sasa analipa. Kwenye mteremko alikuwa ameshawapita wote isipokuwa mmoja wa Njombe. Wakapotea nyuma ya majabali.

Alimaliza wa pili. Mwalimu alitaka kujua muda, mimi nilitaka kuona miguu. Tukamkalisha, tukavua. Nyayo safi kama za mtoto. Kwenye soli ya kushoto, ile ya lori, mwiba wa mgunga mrefu kama kidole umezama hadi shina na kukwama ndani ya tairi. Masanja aliutazama kwa muda.

"Huu sikuusikia," akasema.

Kurudi: Chimala

Safari ya kurudi haina mengi, ila Mzee Sanga aliulizia yale maharage tulipopita Makambako. Tulipofika Chimala Mwalimu alikuwa amelala mbele kwa dereva, mdomo wazi, na Mzee Sanga kaenda kutafuta maji ya rejeta. Baba yake Masanja alikuwa anangoja pale pale, safari hii na mama yake pembeni. Nikashuka mwisho kabisa, nikajificha nyuma ya tairi.

Mzee hakuuliza nani kashinda. Alimwambia mwanawe akae chini, akaishika miguu yake mmoja mmoja kama anavyoshika kwato. Akavuta kila kidole. Akabonyeza kovu kwa dole gumba, huku anamtazama usoni. Kisha akamwonyesha ng'ombe mmoja mweupe aliyekuwa mbali. Masanja akakimbia, akamgusa pembe, akarudi. Mzee akasikiliza hatua zake, macho kayafumba.

Akasema neno moja la Kisukuma. Masanja akavuta pumzi ndefu, akaenda kuchukua sanduku lake la shule lililokuwa tayari limefungwa, limefichwa nyuma ya mama yake. Mzee alikuwa analijua muda wote.

Halafu akaona viatu shingoni mwa mwanawe. Akanyoosha mkono. Akavigeuza, akaingiza ncha ya fimbo kwenye tundu la mwiba, akaguna. Akakaa, akavivaa, akafunga kamba bila kufundishwa na mtu. Akatembea mpaka kwenye barabara, akarudi.

"Vinapiga kelele," akatuambia, kwa Kiswahili safi kuliko changu. "Ng'ombe watadhani nimekuja na mgeni."

Tukangoja avivue. Akachukua fimbo yake, akapiga mluzi, ng'ombe wakainuka. Akaondoka nyuma yao, pa, pa, mguu mmoja wa lori na mmoja wa Landrova, wala hakugeuka.

Sasa Mwalimu Mwaipaja anaulizia viatu kila siku, anataka kuvipeleka tena kwa fundi ashone vingine vya timu nzima. Masanja amemwambia viko kwangu. Mimi nimemwambia viko kwa Masanja. Mkiulizwa nyie semeni hamjui. Viko Usangu, vinachunga.